Kisensa cha kumeza cha mzee, nakipa nyota 3

Tangu mzee apigwe kiharusi kila chai ilikuwa vita, akinywa kidogo tu anapaliwa, sasa bro akaagiza hii kitu mtandaoni, ni kimaiki kidogo unakibandika shingoni pembeni ya kikoromeo, kinaungana na simu kwa bluutuu kinahesabu anavyomeza. Kipimo chake ni cha mate: sekunde 30 ameze mate tu, akifikisha mara 3 yuko poa, chini ya hapo kuna shida. Mzee alipata 2. Nikamwekea kidole kwenye kikoromeo nikahesabu mwenyewe, 2 vilevile, yani hela imeenda wapi jamani 😂

Akikohoa au akigeuza shingo kinaandika kameza, na ndevu zikianza kuota gundi haishiki kabisa, inabidi umnyoe kwanza na mzee mwenyewe hataki kushikwa kidevu. Ndani ya boksi kuna na kile cha kubana kidoleni cha oksijeni, kwa kazi hii hakina msaada, mtu anapaliwa na namba bado 97.

Kilichonifaa ni rekodi. Mtaalamu wa kumeza alizisikiliza akaona uji mzito unapita vizuri kuliko maji, tukabadilisha. Ila akasema chakula kinaweza kuingia njia ya hewa bila hata kikohozi, na hicho hakikamatwi na kimaiki, mpaka eksirei ya video hospitali.

Chaji inakaa kama siku mbili hivi.