WinDirStat: kuikagua diski iliyojaa

Kompyuta yangu ya mitumba, niliyoinunua Kampala ikiwa na diski ya GB 128, ilikuwa imebakiwa na GB 3 tu nilipopakua WinDirStat, programu ya bure ya Windows ambayo hupima folda zote na kuchora kila faili kama kisanduku cha rangi chenye ukubwa unaolingana na nafasi inayoichukua. Visanduku vinene vilikuwa video za harusi ya Mbarara, nilizozihamishia diski ya nje. Kilichofuata ni hiberfil.sys, faili ambamo Windows huhifadhi kazi iliyo wazi kompyuta inapolazwa na kuzimika kabisa (hibernate), ambayo huondoka kwa amri ya powercfg /h off. Hapo nilisita, kwa kuwa umeme wetu hukatika na kompyuta isingeweza tena kuhifadhi kazi kwa kulazwa hivyo. Upimaji unachosha kwa kwenda polepole, lakini picha inayopatikana inasomeka vizuri.