Dirisha la chumba cha chini, Raskazone: Aprili niliharibu, Februari nilifanikiwa

Nyumba yetu ya Raskazone, Tanga, imejengwa kwenye mteremko wa kwenda baharini, kwa hiyo chumba kimoja cha nyuma nusu ya ukuta wake imo ardhini. Humo analala mtoto wa dada yangu, anasoma sekondari. Mlango ni mmoja tu, na ukitoka mlangoni unakutana na jiko na mtungi wa gesi. Usiku nilikuwa silali vizuri: moto ukianzia pale, huyu mtoto atatokea wapi? Dirisha lilikuwa kitundu cha hewa karibu na dari, tena limezibwa nondo.

Nikaamua kulipanua liwe dirisha la kutokea. Nilianza Aprili 2024, mara tu baada ya Idi, kwa sababu hela ilikuwa mkononi. Fundi hakunikataza. "Siku nne tu, dada." Usiku wa pili mvua ikashuka, na mwaka ule ulikuwa wa El Niño. Shimo tulilochimba kando ya ukuta likajaa, ukingo ukaporomoka, maji yakapitia pale tulipokwisha kutoboa. Asubuhi nimekuta godoro limelowa na maji ya rangi ya chai ya maziwa yamefika kwenye madaftari. Tukaziba kwa tofali na turubai. Fundi hakupokea simu tena.

Juni nikampata mzee mmoja wa Ngamiani. Jua linawaka, nikajua sasa ndiyo wakati. Akachimba kina cha mkono, akafinya udongo, ukashikana kama tonge la ugali. "Mwanangu, juu pamekauka, chini bado pameshiba maji. Na manyunyu ya kusi hapa kwetu hayaishi, yakiisha vuli hiyo. Ngoja kaskazi."

Kungoja miezi minane hadi msimu huo mkavu wa kaskazi kuliniuma, lakini nilingoja. Januari ikaliwa na ada. Tukaanza Februari 2025, ili tumalize kabla ya Ramadhani iliyoingia mwanzoni mwa Machi. Udongo wa pale pale safari hii ulivunjika mkononi kama biskuti, na kingo za shimo zikasimama zenyewe.

Kilichonishangaza ni kwamba kaskazi nayo ina taabu yake. Upepo ule na joto lile hukausha zege kabla halijakomaa, likapasuka. Mzee alifunika linta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, kwa magunia yaliyolowa, akatuagiza tumwagie maji asubuhi na jioni siku 7, na mirunda iliyoishikilia hakuitoa hadi wiki mbili zipite. Mtoto mwenyewe ndiye aliyebeba ndoo.

Vipimo nilivitoa kwenye kanuni za Marekani, ambako vyumba vya chini ya ardhi ni vingi: uwazi wa dirisha la kutokea usipungue sm 51 upana na sm 61 kwenda juu, eneo lote lifike mita za mraba 0.53, na kizingiti kisizidi sm 112 kutoka sakafuni. Sisi tulifanya 70 kwa 100. Usikubali dirisha la kusukuma kando, kwa sababu linafunguka nusu tu. Weka la bawaba. Grili pia iwe ya bawaba, na komeo la ndani lisilohitaji ufunguo. Nje tuliacha shimo la mtu kusimama na kupanda, chini kokoto, na bomba linalotoa maji kuelekea mteremkoni.

Jumla ilinitoka 1,080,000. Lawama yangu ni moja: grili ilipakwa rangi mkono mmoja, na chumvi ya bahari ikaanza kula bawaba kabla ya Agosti. Nimepaka upya mwenyewe.

Mei, usiku wa mvua kubwa, nilishuka na tochi. Kokoto zinameta maji, bomba linamwaga, nikapitisha kiganja kwenye kizingiti kwa ndani: kikavu. Mtoto amelala. Mwenye kazi kama hii azungumze na fundi Desemba, maana Februari wazuri wote wameshachukuliwa.