Programu iliyoigeuza Kenya kuwa tarehe 4 Februari

Naanza na nyota moja, na hiyo moja ni ya huruma.

Wakati wa Olimpiki ya Paris nilijitwika kazi ya kuweka hesabu ya medali pale hotelini tunapokunywa chai, hapa Eldoret. Mji huu, Olimpiki ikianza, chai haishuki kooni kabla mtu hajajua Kenya iko nambari ngapi. Nikatumia programu ya lahajedwali, ile ya kupanga hesabu kwenye jedwali, iliyo kwenye laptopu yangu, tena ya kulipia. Wiki mbili tulielewana vizuri: safu ya dhahabu, ya fedha, ya shaba, jumla pembeni. Hata usiku ule Faith Kipyegon aliponyang'anywa fedha ya mita 5,000 kisha akarudishiwa, nilitoa moja, nikairudisha, jumla ikajirekebisha yenyewe. Nilikuwa naisifu kwa kila mtu.

Sasa sikia. Siku ya mwisho, Hellen Obiri ameshaleta shaba ya marathoni, hesabu yetu imefungwa: dhahabu 4, fedha 2, shaba 5. Nataka karatasi moja ya kubandika ukutani. Safu hazitoshi. Nikazifuta, nikaamua kuandika kwa mkato kwenye seli moja, yaani kisanduku kimoja cha jedwali. Marekani 40-44-42. China 40-27-24. Nikaziangalia hizo mbili, ziko sawa, basi zilizobaki nikawa nazipiga huku macho yako kwenye simu ninakonakili. Nikaprinti usingizi umenishika.

Asubuhi, ukutani, mbele ya watu wote: Kenya, 04/02/2005. Uganda, na ile dhahabu ya Cheptegei na fedha ya Chemutai, 01/01/2000. Ethiopia 01/03/2000. Japani nayo ilipata tarehe yake ya Desemba. Mzee mmoja akavaa miwani, akasoma polepole, akaniuliza, "Mwalimu, hii ni medali au ni siku ya kufungua shule?" Mimi si mwalimu. Tangu siku hiyo ndilo jina langu.

Nikarudi mbio kwenye laptopu, nikaiambia hizi si tarehe, ni namba. Ikanipa 38387. Kumbe inahesabu siku tangu mwanzo wa 1900! 4-2-5 yangu ilishamezwa, haipo tena, na kila seli ilibidi niiandike upya.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana akanisikiliza, akacheka (nilimsikia), akasema, "Mama, mfumo uko sawa. Ni wewe hukuuambia kwamba ni maandishi." Nimelipa pesa zangu niambiwe hivyo na mtoto wa juzi! Kisha akanielekeza: weka ritifaa (alama hii: ') kabla ya namba, au igeuze safu nzima kuwa ya maandishi kabla hujaandika chochote. Nikajaribu. Ikakubali. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Lakini niulize: kwa nini isiniulize kwanza? Si mimi peke yangu. Mwaka 2020 wanasayansi walibadilisha majina ya baadhi ya jeni za binadamu kwa sababu lahajedwali zilikuwa zinayageuza kuwa tarehe. Yaani programu haikuguswa, likabadilishwa jina la jeni.

Haya, nisiwe mchoyo. Kwenye kupanga nafasi, inajua kazi. Mwanzoni niliipangia kwa dhahabu tu, ikaweka Marekani na China zote nambari moja, 40 kwa 40, nusura watu wapigane. Nilipoongeza fedha kama kigezo cha pili na shaba cha tatu, China ikashuka kwa 27 dhidi ya 44, na Kenya ikatulia nambari 17. Jirani yangu anayeshikilia kwamba jumla ndiyo haki nilimbofyia mara moja, Uingereza na 65 zake ikairuka Japani yenye 45, akafurahi, nikabofya tena nikairudisha. Kwa daftari ningekesha.

Kwa hilo tu, nyota tatu. Ingawa nikikumbuka kicheko cha yule kijana... mbili. Andikeni mbili.

Juzi nimelifungua faili lile. Uholanzi bado ni 15/07/2012. Niliisahau, na sasa siigusi.