Panchi ya mkono mfupi au ya mkono mrefu?

Zote mbili hutoboa matundu yaliyoachana milimita 80, kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 838, kwa hiyo karatasi zitaingia kwenye faili la kawaida. Tofauti utaijulia kiganjani. Fupi, ukiipa karatasi kumi, unainuka kitini na kuikandamiza kwa uzito wa mwili. Ndefu inatoboa kwa mkono mmoja, maana wenzo ukirefuka nguvu inayotakiwa hupungua. Ila haiingii kwenye droo.

Mimi nachukua ndefu, mradi iwe na rula ya kuvuta pembeni. Bila rula hiyo matundu hukaa upande, na kurasa huchungulia nje ya faili. Halafu kifuniko cha chini kibane sawasawa: kikichomoka, vile viduara vyeupe hutapakaa sakafu nzima.