Nimetoka kuangalia dokumentari ya watoto wa Kolwezi na hasira haijaisha

Jamani juzijuzi hapa Dar nilienda kuangalia dokumentari ya watoto wa migodini Kolwezi, kule Kongo. Kiingilio nimelipa na sijutii hela, ila kuna kitu kimenikaa kooni mpaka leo.

Kuna mtoto wa kike, naona miaka tisa kumi hivi, yuko kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa anaosha mawe ya kobalti, hayohayo yanayoishia kwenye betri za simu zetu. Anaulizwa kwa nini haendi shule. Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono, akasema "Mama iko mugonjwa, mi njo mukubwa." Akarudi kuosha.

Mimi nimekulia Kigoma, majirani zetu walikuwa watu wa Fizi, mashariki ya Kongo, waliokimbia vita ya 1996, wa Kolwezi anakivuta Kiswahili kivyake lakini hapo hakuna neno linalokupita. Anasema mimi ndiye mkubwa, yaani wadogo zangu wananitegemea mimi, na alisema kifua mbele kabisa! Sabtaito ya Kiingereza ikaandika eti hana mtu wa kumtunza. Mama yake yupo hai, anaumwa tu, wao washamfanya mtoto yatima mbele ya dunia nzima.

Basi kuanzia hapo sikuamini tena chochote. Kila mtoto akifungua mdomo sauti ya msimulizi inampandia juu, unabaki kuona midomo inacheza.

Mwisho wakaruhusu maswali nikanyoosha mkono, nikaeleza vizuri tu bila ukali. Yule dada mwenye maiki hata hakuniacha nimalize, "Dada yangu hilo ni suala la kiufundi, tupate maswali ya maana," na maiki akaichukua. Ya maana! Maneno ya mtoto mwenyewe siyo ya maana, ya maana ni yapi sasa? Nilitetemeka. Nikakumbuka Lira, Uganda, 2012, watu walivyoonyeshwa hadharani ile Kony 2012, filamu ya Wamarekani kuhusu muasi Joseph Kony, wakakasirika, maana vita iliwaua wao lakini kwenye filamu wakamkuta Mmarekani na mwanawe.

Nilipofika nyumbani nilitaka kuwaambia msiende. Lakini nikilala namuona yule mtoto, ule mkono wake, vidole vimekunjamana kwa maji kama vya bibi kizee, na aliyeshika kamera alitulia pale muda mrefu bila kukimbilia kwingine, hilo lazima niwape. Nimeona nyingi za watoto wa vita na wa makambini, hakuna iliyonishika hivi. Kwa hiyo nendeni tu, ila yale maandishi ya chini msiyasome, tegeni sikio. Na kama kuna mtu anawafahamu waliotengeneza, wafikishieni kwamba ile sehemu irekebishwe, mimi nitawatafsiria bure.