Kidonge cha minyoo: "Mbona sijaona mnyoo hata mmoja?"

Haya, karibuni tena. Leo mezani nina kidonge kimoja tu. Albendazo, miligramu 400, kile cha kutafuna. Ukienda duka la dawa ukasema "nipe ya minyoo", mara nyingi ndicho unachopewa. Nimekichagua kwa sababu ya lalamiko ninalolisikia kila siku: "Nimemeza, sijaona kitu kimetoka. Hii feki."

Nawaelewa. Sisi tuliokulia kwa bibi tulipewa Ketrax, halafu asubuhi bibi anakuja na kijiti kukagua kopo. Na kweli, minyoo ipo! Ketrax ilikuwa na levamizo, na levamizo hukaza misuli ya mnyoo mpaka unakakamaa. Sasa lile chango kubwa la utumboni halijajishikiza popote, linakaa pale kwa kujisukuma kinyume na mkondo wa chakula. Likikakamaa tu, utumbo unalisukuma nje likiwa zimazima. Bibi anahesabu, "sita!", dawa imefaulu.

Albendazo haina maonyesho hayo. Yenyewe inaua kwa njaa. Ndani ya seli za mnyoo kuna vijirija vinavyojengwa kwa protini inayoitwa tubulini, na seli hupitishia mizigo yake humo. Dawa inaing'ang'ania tubulini, vijirija haviungiki tena, na mnyoo unashindwa kufyonza glukosi, yaani sukari. Hebu fikiria: mnyoo umezungukwa na ugali wako wote, na haupati kitu. Unakula akiba yake mpaka inakwisha, siku kadhaa hivi, ndipo unakufa. Mara nyingi unasagikia huko huko, chooni huoni kitu. Na sisi tuna tubulini, ndiyo, ila ya kwetu dawa haiishiki kwa nguvu hiyo. Tena sehemu kubwa ya kidonge haiingii kwenye damu, inabaki utumboni, na kazi iko huko. Wanaotibiwa mabuu ya tegu yaliyofika kwenye ubongo ndio huambiwa waimeze na chakula chenye mafuta, ili iingie mwilini zaidi.

Sasa alama zangu. Kwa chango, safi kabisa. Kwa minyoo ya safura, nzuri. Kwa minyoo mjeledi, ile inayochomeka kichwa kwenye ukuta wa utumbo mpana, dozi moja inachemsha. Wala sifichi. Kule Pemba watafiti waliichanganya na ivermektini, dawa nyingine ya minyoo, matokeo yakawa bora kuliko albendazo peke yake.

Na ndugu zangu wa Mwanza na Ukerewe, hapa nisikilizeni: kwa kichocho hii siyo. Minyoo ya kichocho inaishi kwenye mishipa ya damu. Dawa yake ni prazikwanteli, ile chungu wanayogawa shuleni, mtoto anasimamishwa kwenye fimbo, kimo chake ndicho kinachosema ameze vidonge vingapi. Hiyo inafungulia kalsiamu ndani ya mnyoo, misuli inajikunja, ngozi inachubuka, na kinga ya mwili ndiyo inamalizia. Ila minyoo michanga inaponyoka. Nitaifanyia video yake, nikipata ujasiri wa kuionja.

Kasoro nyingine: mimba changa, usiguse, muulize daktari. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka miwili anapewa nusu. Na ile tabia ya kumbana mtoto pua huku analia ili ameze, acheni jamani, anaweza kupaliwa. Kiponde, changanya na maji kidogo.

Haya, natafuna. Mmh. Chaki. Chaki iliyopitishwa karibu na chungwa. Nyota nne, ya tano imeliwa na minyoo mjeledi.

Bibi akipiga simu kesho kuuliza imetoka mingapi, nitamwambia sita.