Miaka minne ya isimu na Kikorea: uzoefu wangu

Nimemaliza shahada ya isimu na Kikorea katika chuo kimoja cha London. Ni miaka minne, na wa tatu niliusomea Seoul. Wadogo zangu wa Mombasa huniuliza kama inafaa. Inafaa sana, ila kuna swali la kuuliza kabla hujalipa karo, nitalifikia.

Isimu iliniteka mapema, katika somo la fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha. Mhadhiri alitusikilizisha maneno matatu ya Kikorea: dal, tal, ttal. Mwezi, barakoa, binti. Wengi darasani waliyachanganya. Mimi "tal", ambayo t yake hutoka na pumzi, niliidaka kwa sababu ya nyanya yangu. Akimtaja paa wa porini, p yake hutoka na pumzi. Akitaja paa la nyumba, pumzi haipo. Weka kiganja mbele ya mdomo wake utaihisi. Shuleni tuliyaandika yote mawili namna moja, na hakuna aliyetuambia kwamba ni sauti mbili. Hangul, hati ya Kikorea iliyobuniwa na Mfalme Sejong mwaka 1443 na kutangazwa 1446, huionyesha pumzi hiyo wazi: unachukua herufi ya k au t, unaiongezea mstari mmoja, basi imekuwa ya pumzi. Nilipoelewa hilo sikulala upesi usiku ule.

"Ttal" ndiyo iliyonitaabisha, maana koo hukazwa, na sikuipata mpaka nilipofika Seoul. Huko nikakuta jingine tena: vijana wa mjini hutenganisha dal na tal zaidi kwa kimo cha sauti kuliko kwa pumzi. Dal huanza chini, tal huanza juu. Ukikaa na wazee kisha ukakaa na vijana unaisikia lugha ikigeuka.

Kijapani nilikisoma kama somo la pembeni, na hapo aliyesoma mnyambuliko wa vitenzi ana mtaji. Taberu ni kula, tabesaseru ni kulisha, tabesaserareru ni kulishwa. Viambishi vimepangana kama vyetu, kutendesha kwanza, kutendwa baadaye. Wakati ndio hukaa mwishoni, sisi tunauweka mbele ya mzizi. Ila msikimbilie kusema kwamba viainishi vyao vya kuhesabia, kama -hon kwa vitu virefu na -mai kwa vilivyo bapa, ni ngeli. Niliandika hivyo katika insha, nikasahihishwa, na haki ilikuwa yao: ngeli inatawala sentensi nzima, kisu kikali kimepotea, ilhali kiainishi hushikamana na idadi tu.

Historia ya Kichina ilikuwa fupi lakini tamu. Neno moja la "nchi" ni guó Beijing, gwok kwa Kikantoni, Kichina cha kusini, guk kwa Kikorea, koku kwa Kijapani. Ile k ya mwisho Beijing wameiangusha, majirani wameihifadhi.

Sasa malalamiko. Idara ya lugha na idara ya isimu hazikuwa zikizungumza. Ratiba ziligongana, na darasa la Kikorea lilikuwa la kukariri mazungumzo ya kitabuni bila kugusa lolote tulilojifunza jengo la pili, kwenye isimu. Somo la historia ya Kijapani, ambalo ndilo lililonivuta, lilifutwa kwa uchache wa wanafunzi, na karo haikupungua hata senti. Kwa hiyo usiulize masomo gani yameorodheshwa. Uliza yapi yalifundishwa kweli miaka miwili iliyopita. Na anza hanja, yaani herufi za Kichina zinazotumika Korea, kabla ya Seoul. Vitabu vya isimu vya zamani vimejaa hizo, na mimi miezi miwili ya kwanza nilikuwa nikisoma kwa kubahatisha.

Tasnifu yangu ilihusu pumzi ile ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa anachosema nyanya, ikilinganishwa na ya Kikorea. Wasimamizi waliipokea kwa moyo, bora kuliko nilivyotarajia. Kama kwenu kuna mzee anayetamka kwa pumzi hivyo, mrekodi kabla hujasafiri, kwa kinasa sauti kizuri na chumba kimya. Mimi nilimrekodi nyanya kwa simu kutoka London, sauti haikupimika, ikabidi ningoje likizo ya Desemba nikae naye barazani.